Asta Zilizogoma Kuchanua

Hasira zangu zi karibu, sikatai. Hata padre wetu anajua. Lakini mwaka 2019 zilikuwa na sababu, na sababu yenyewe nililala nayo kitanda kimoja, ikikoroma.

Sababu inaitwa Nicodème, mume wangu. Sote wawili tulitoka Burundi tukiwa migongoni mwa mama zetu, tukakulia Tanzania, tukaoana katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, na mwaka 2008 tukaletwa hapa Houston na mtoto mmoja, Egide. Wengine Mungu aliwachukua wangali wachanga. Tunaishi mtaa wa Alief, nyumba ya kupanga. Mimi nasafisha vyumba hotelini, Nicodème anapakia makasha kwenye ghala moja la Stafford. Mbele ya nyumba tuna uwanja mdogo. Alipoupata tu, alimwomba mwenye nyumba ruhusa, akang'oa nyasi za Wazungu, akapanda maharage. Kila masika, maharage. Mrundi bila maharage ni mgonjwa, ndivyo asemavyo, na kwa hilo sina ugomvi naye.

Ugomvi ulianza mwezi wa tatu. Egide alikuwa na miaka ishirini na mbili, anasomea uuguzi. Baba yake alikwisha kuwatangazia watu wote wa jumuiya kwamba nyumba yake inatoa daktari. Uuguzi kwake ulikuwa udaktari uliochelewa kidogo tu. Kumbe mtoto ameyaacha masomo hayo tangu Krismasi, anasomea bustani. Bustani za maua! Na hakutuambia. Jumamosi moja, baba yake yuko kazini, Egide akaja na vichaka kumi na viwili vya maua yaitwayo asta ndani ya vikopo. Akauzunguka uwanja mikono kiunoni, akaona penye jua kuliko pote ni tuta la maharage lililo karibu na mlango. Maharage yalikuwa yameota, majani mawili mawili. Akayang'oa yote.

Niseme ukweli, hata mimi roho iliniruka. Mtu wa kwetu hang'oi haragwe lililoota. Hata la adui unalipita kando usilikanyage. Nikamwambia, "Egide, baba yako atakuua." Akacheka. Anajibu, "Mama, maharage yako dukani, gunia zima. Hizi asta huzipati dukani."

Nicodème aliporudi alisimama mbele ya tuta na begi lake la chakula mkononi. Kisha akauliza, "Nani?"

"Mimi, baba."

"Nimekulia kwenye foleni ya maharage. Kikombe kimoja kwa watu watano. Leo wewe unang'oa chakula unapanda urembo?"

Hapo mtoto mwenye akili angenyamaza. Lakini Egide ana shingo ya baba yake, ile isiyogeuka. Akasema palepale, pale uwanjani, majirani wanasikia, kwamba uuguzi ameuacha na harudi. Nicodème akaweka begi chini. "Toka kwangu," akasema. "Usirudi mpaka nikuite." Jioni ile ile Egide akapanda basi kwenda mji wa Euless, kwa baba yake mdogo Nestor, akapata kazi ya kupakia mizigo karibu na uwanja wa ndege. Ni mwendo wa saa nne kwa gari kutoka kwetu, na ungedhani amevuka bahari.

Sasa sikilizeni kamba iliyotufunga. Kwetu, baba akimfukuza mtoto kwa kinywa chake, ni yeye atakayemrudisha kwa kinywa chake. Mama hana ruhusa ya kumwita. Mama akimwita, mtoto akaja, huyo amekuja kama mwizi, atakula jikoni na kulala bila kusalimiwa. Egide nilimzaa mimi, nikamnyonyesha mimi, lakini neno la kumwambia "njoo" nilikuwa nimenyang'anywa. Kila Jumapili nilimpigia simu nikiwa garini baada ya misa, na kila Jumapili alisema, "Baba alinifukuza, baba ndiye ataniita." Wote wawili, pumbavu! Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu kalelewa na mwamba.

Juma lile lile Nicodème akaanza kujitafutia shughuli. Akaleta pipa la kukingia maji ya mvua, akaliweka mwisho wa tuta. Akafunga taa kubwa juu ya mlango, ati kuna wezi wanaoiba vifurushi barazani. Akaacha kula mezani, anakula amesimama kama farasi. Na akaacha kuniita Mama Egide. Ikawa "wewe mama," "we, sikiliza," kana kwamba tumekutana kituo cha basi. Mimi nikazidi kumwita Baba Egide, asubuhi na jioni, hata pasipo na haja. "Baba Egide, chumvi hiyo hapo." "Baba Egide, viatu vyako vinanuka." Nilitaka limuume.

Siku alipochukua jembe kuzing'oa asta, nilisimama mbele ya tuta. Nikamwambia, "Gusa shina moja tu. Na mimi naenda Euless, utabaki unajipikia hayo maharage." Akaniangalia, akalirudisha jembe. Tangu hapo tuta likawa langu.

Haya, na mimi maua ninayajulia wapi? Kila nilichojua alinifundisha Egide kwa simu. Aliniambia asta ni za aina nyingi, na watu wengi wa Houston wanakosea kuanzia dukani. Zipo za kaskazini, ndefu, maua makubwa ya waridi na bluu, nzuri mno kwenye kikopo, lakini zimezoea baridi. Huku kwetu joto la mwezi wa saba na unyevu huu wa hewa vinazimaliza. Zipo za hapahapa Texas, fupi, majani madogo yanayokwaruza, ukiyasugua yananukia. Hizo jua halizitishi. Hazina umbo lolote mpaka zichanue, mtu anaweza kudhani ni magugu, lakini mwezi wa kumi kila kitu kingine kikiwa kimechoka na joto, zenyewe zinawaka zambarau kutoka chini mpaka juu. Hizo ndizo alizopanda. Akaniambia pia kwamba Waingereza wanaziita kwa jina la Mtakatifu Mikaeli, maana kwao zinachanua karibu na sikukuu yake, tarehe ishirini na tisa ya mwezi wa tisa. Basi nikazipenda. Nikasema haya ni maua ya Malaika Mkuu, nani atayashinda?

Nicodème alisikia, akaguna. "Mikaeli ana upanga. Hana maua."

Mimi naye mkaidi. Mwezi wa nne nilipita duka moja la mimea nikaona zile za kaskazini, za waridi, zinanichekea. Nikanunua vikopo viwili, nikapanda katikati ya zile za Egide, sikumwambia. Mwezi wa sita majani yakapata ukungu mweupe kama mtu kayapaka unga wa muhogo, mwezi wa saba zikafa zimesimama. Egide alipoona picha hakunisema. Alicheka tu kidogo, kile kicheko cha "si nilikwambia." Ningekuwa karibu ningemfinya.

Kilichonitia hofu ni kukata. Mwishoni mwa mwezi wa tano Egide akaniagiza nizikate vichwa zote, theluthi nzima, na mwezi wa sita nirudie, kisha kuanzia wa saba nisiguse tena. "Usipozikata zitarefuka na kuanguka," akasema. "Ukizikata kwa kuchelewa, umekata maua yenyewe." Nilishika mkasi, nikauweka chini. Kisha nikakumbuka, ah, si matembele haya? Matembele ukichuma ncha, shina linatoa matawi mawili, ukichuma tena yanakuwa manne. Nikazikata kama nachuma mboga ya chakula cha mchana.

Nicodème alikuwa barazani na Esperance, jirani yetu, Mkongomani wa Uvira, aliyekuja kuazima sufuria. Akacheka kicheko kibaya. "Umezikata vichwa. Sasa zitachanua kwa kutumia nini?"

Damu ilinichemka. "Zikichanua," nikamwambia, "utampigia mwanao simu?"

Kama angenyamaza! Lakini mbele ya jirani mwanaume hanyamazi. Akasimama. "Zikichanua kabla ya sikukuu ya Watakatifu Wote, tarehe mosi ya mwezi wa kumi na moja, nitampigia mimi mwenyewe na nitamwambia arudi. Esperance, umesikia. Zisipochanua, nazing'oa siku hiyo hiyo, napanda mboga, na jina la mtu yule halitajwi tena ndani ya nyumba yangu."

"Apa," nikasema.

Akaapa kwa kaburi la mama yake, ambalo liko Tanzania na hajaliona kwa miaka kumi na moja. Esperance akashika kichwa. "Eh, Mungu wangu! Watu hawa!"

Basi mjue nililima namna gani kiangazi kile. Narudi hotelini mgongo umepasuka, nimetandika vitanda kumi na sita, sijavua viatu, niko tutani. Namwagilia chini kwenye shina, siloweshi majani. Mbolea sikuongeza, maana Egide alisema ukizishibisha zinanenepa majani na kusahau kazi. Asta zikajaa. Zikawa vichaka vya mviringo, kijani kizito, hakuna ugonjwa. Kila aliyepita aliniuliza ni mboga gani ile. Nikawa nawajibu, "Subirini mwezi wa kumi."

Sikukuu ya Mikaeli ikafika. Hakuna kitumba hata kimoja. Egide akasema ni mapema, huku ni kusini, tulia. Nikatulia, kwa shida. Tarehe kumi ya mwezi wa kumi, hakuna. Tarehe kumi na tano, hakuna, na mama mmoja mtaa wa pili, ambaye asta zake hazijui maji wala mkasi, uwanja wake umekuwa zambarau tupu, nyuki wanaimba. Nilipita pale na gari nikashusha kioo nikayatukana maua yake. Kwa sauti. Mwenyewe alikuwa dirishani akanipungia mkono.

Na Nicodème hakusema kitu. Hilo ndilo lilinichoma zaidi. Kila jioni anasimama mbele ya tuta, anatazama, anaingia ndani. Sikujua anafurahi au vipi. Nikasema moyoni, anahesabu siku, mchawi huyu.

Hasira inatafuta mtu. Yangu ilimpata Esperance. Jumamosi moja nilimwona anamwaga beseni la maji ya vyombo kwenye mpaka wetu, povu jeupe, na akili yangu ikaruka. Nikatoka na kanga moja.

"Kumbe ni wewe! Sabuni hiyo ndiyo inaniulia maua! Ulisikia kiapo kile, ukaona ndiyo nafasi ya kunibomolea nyumba!"

"Maji niko namwaga kwangu, si kwako!" akapiga kelele. "Miezi yote hii niko nakuombea kwenye rozari, na weye unaniita muuaji?"

Nikamwambia neno ambalo sitaliandika hapa, la mdomo wake na watu wa Uvira wote. Akanyanyua beseni, akaingia, akafunga mlango. Juma zima hakunisalimu, na mimi sikumsalimu. Hasira hasara, wahenga walikwisha kusema, lakini wahenga hawakuwa na majirani.

Tarehe ishirini na sita, Jumamosi nyingine, zimebaki siku sita, nikapiga picha ya tuta zima nikamtumia Egide. Sikuwa na matumaini tena. Nilitaka aone tu kwamba sikulala. Akanipigia palepale.

"Mama, ile ya mwisho, nyuma ya pipa. Isogelee. Ina nini kwenye ncha?"

Nikainama. Vitumba! Vidogo kama mbegu za mtama, vimebana, lakini vitumba, upande wote uliojificha nyuma ya pipa. Nikapiga kelele.

"Na nyingine?"

Nikazipekua moja moja. Majani tu. Hata ile ya pipa, upande unaotazama mlango ulikuwa majani matupu.

"Pipa linaizuia nini, mama?"

"Halizuii kitu. Jua inapata kama wenzake."

"Na usiku?"

"Usiku linazuia nini? Usiku kuna taa ya baba yako tu."

Akauliza haraka, "Taa gani?"

"Ile kubwa juu ya mlango. Aliifunga juma lile ulipoondoka. Anaiwasha jua likizama, anaizima asubuhi akienda kazini. Kila siku."

Nikamsikia anavuta pumzi. Akanieleza polepole, kama mwalimu. Asta haihesabu siku, inahesabu giza. Usiku ukirefuka, inajua mwaka unakwisha, inafanya haraka kutoa maua. Ukiimulika usiku kucha, inadhani bado ni mwezi wa sita, inaendelea kuota majani bila wasiwasi. Ile ya nyuma ya pipa ilipata kivuli nusu, ndiyo maana imejaribu. "Zimeni taa, mama. Baada ya majuma sita au zaidi zitachanua."

"Majuma sita? Nina siku sita!"

Nikakata simu. Kwanza nikanunua Fanta sita na kilo ya dagaa, mkono mtupu haulambwi, nikagonga kwa Esperance. Nikamwambia sabuni yake haina hatia na mdomo wangu ndio una hatia. Alipokea dagaa, akauliza, "Sasa ni nani?" Nikamwambia. Akavaa viatu. "Twende," akasema, "hii sikose."

Nicodème alikuwa sebuleni anatazama mpira. Nikazima televisheni.

"Tapeli wee! Kumbe ulijua!"

"Nilijua nini?"

"Taa! Miezi saba unayamulika maua ya mtoto yasichanue, ili ushinde! Mtu mzima na mvi zako, unashindana na mwanao kwa hila!"

Akamtazama Esperance, akanitazama mimi. "Maua na taa wapi na wapi?"

Nikamweleza giza, majuma, pipa, vitumba, yote, nikipiga meza. Alisikiliza mdomo wazi. Mwishoni akasema, "Mimi nitajuaje kwamba ua linahesabu giza? Haragwe halihesabu kitu." Na nikamwamini. Miaka ishirini na minne namjua, uongo hauwezi, masikio yanamtoka jasho. Kumwamini kukanipandisha hasira zaidi, maana sasa sikuwa na wa kumshika.

"Sawa. Hukujua, sasa umejua. Kuanzia leo taa hiyo haiwaki." Nikachukua utepe wa gundi kwenye droo ya jikoni, nikaenda kwenye swichi ya mlangoni niizibe kabisa.

"Usiguse!"

Mume wangu hapigi kelele. Hata siku ya kumfukuza Egide hakupiga. Hii ilitoka tumboni, Esperance akaruka.

"Kwa nini nisiguse? Wezi? Wezi wa nini, Baba Egide? Kifurushi cha mwisho kuletwa hapa kilikuwa soksi zako!"

"Ngazi ya pili pale nje imevunjika," akasema. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Najua imevunjika! Uliivunja mwenyewe siku ya pipa. Tunairuka kila siku. Mimi najua, wewe unajua, Esperance anajua, mleta barua anajua. Nani atakayeanguka?"

Alikuwa anatazama magoti yake.

"Nakuuliza, nani hajui?"

"Ilivunjika wakati amekwisha kuondoka," akasema. "Yeye hajui."

Nilibaki na utepe umeninata vidoleni. Miezi saba. Miezi saba mimi nalia garini baada ya misa, naficha simu kama kahaba, namlaani mtu huyu kila nikikunja nguo zake, na yeye kila jua likizama anawasha taa mtoto asianguke. Ningelia, lakini hasira ilitangulia. Nilimrushia utepe ukampiga kifuani.

"Jinga la mwisho! Si ungeitengeneza hiyo ngazi!"

"Nilisema mwenye nyumba ataitengeneza."

"Mpigie mtoto."

"Nimeapa. Hazijachanua."

"Haziwezi kuchanua kwa sababu yako! Kwa sababu ya taa yako!"

"Epiphanie mke wangu, nimeapa kwa kaburi la mama yangu. Shahidi ni huyu." Akamwonyesha Esperance, na nakwambieni macho yake yalikuwa yanamwomba yule mwanamke amsaidie, lakini shingo iko palepale.

Esperance akaweka mikono kiunoni. "Miye si padre. Mambo ya kaburi utaenda kuungama. Lakini mama yako kama alikuwa mama, huko aliko amekuchoka."

Nikamshika mkono Nicodème, nikamwinua kwenye kochi, nikamsimamisha mbele ya swichi. "Basi shika kiapo chako," nikamwambia. "Wewe si mwanaume wa neno? Kama haruhusiwi kuja, hakuna wa kuanguka. Taa ya nini? Leo jua likizama usiiwashe. Kesho usiiwashe. Tengua waya, mrudishie mwenye duka taa yake. Ukiweza hilo, sitamtaja mtoto tena mpaka nife, na mimi naapa. Ukishindwa, simu hii hapa."

Akaweka kidole kwenye swichi. Ilikuwa mchana, taa imezimwa, hakuna cha kuzima. Alichotakiwa ni kusema tu, "Sitaiwasha." Neno moja. Nikamwona anafungua mdomo. Anafunga. Nilimwonea huruma na nilitaka kumpiga na mwiko, vyote kwa pamoja.

Akauondoa mkono kwenye swichi, akaunyosha kwangu bila kunitazama. Nikaweka simu.

Hajui kupunguza sauti ya simu, kwa hiyo sote tulisikia inaita, mara moja, mara mbili, tatu. Kisha Egide, kwa nyuma mikokoteni ya mizigo inapiga kelele. "Mama?"

"Ni mimi!" Nicodème alipayuka, kana kwamba Euless ni ng'ambo ya bonde na yeye yuko mlimani. "Maua yako yamekataa kuchanua!"

"Shikamoo baba. Ni taa. Nimemwambia mama. Mkiizima tu, baada ya majuma..."

"Siizimi."

"Baba, isipozimwa hayatachanua kamwe."

"Nimesema mimi siizimi!" Jasho lilikuwa linamtiririka masikioni. "Unataka izimwe, njoo uizime mwenyewe."

Ile mikokoteni ikaendelea kupiga kelele kule. Mimi nilikuwa nimeuma kanga.

"Na ukija," Nicodème akasema, sauti sasa kama anaongea na mtoto mdogo, "ngazi ya pili imevunjika upande wa kushoto. Kanyaga kulia."

Kisha akakata simu kabla mtoto hajajibu! Nilimfokea mpaka Esperance akaziba masikio. Miezi saba umemsubiri mtu, halafu unamkatia simu?